Kilio Mbele ya Mulango Wangu

Ile asubuhi nilikuta tena viti vya plastiki vimejaa kwenye barza yangu, pale mbele ya chumba, na turubai imefungwa kwenye nondo za mulango. Nikaona leo njo leo. Mutoto mugongoni, funguo mukononi, nikasimama katikati ya barabara, nikaweka mikono juu ya kichwa:

"Papa mwenye nyumba wangu eee! Umetuacha na nani? Yelele!"

Chumba ninachopanga ni kadogo, katikati ya muji, karibu na soko. Nashona humo uniformi za watoto wa masomo. Papa mwenye nyumba, muzee aliyestaafu kazi ya reli, aliona kwamba barza ile ina kivuli na wageni hawapotei. Familia yoyote ikifiwa, hata asiyoijua, anawaambia: "Mukuje mulilie kwangu." Kwangu! Na kwetu kilio hakifukuzwi. Ukikohoa tu, watasema njo wewe mulozi uliyemuua.

Masomo yalikuwa karibu kuanza, na njo wakati ninapolisha watoto wangu. Lakini mama wateja wakiona kilio, wanatoa pole na kupita. Mumoja aliketi, akala bugali na samaki mukebuka wa wafiwa, kisha akaenda kushonesha kwingine. Jana yake shangazi wa marehemu alinizuia kwenye mulango wangu mwenyewe.

"Wewe ni nani wa marehemu?"

"Mimi ni wa cherehani."

"Basi ngoja. Familia ipite kwanza."

Kwa hiyo nililia, tena nililia vizuri. Wanawake wa soko wakaja mbio, mikono kichwani: "Papa wa reli amekwenda!" Hata wafiwa wenyewe, masikini, wakachanganyikiwa, wengine wakaanza kumulilia na Papa wetu. Mara Papa akatokea nyuma ya nyumba, muswaki mudomoni. Mama mumoja akatupa beseni yake ya samaki, akakimbia.

"We mwanamuke! Niko muzima!"

"Kumbe, Papa? Nisamehe. Kilio cha muntu kinakaa kwake. Nimeona kilio kwako, nikajua ni wewe."

Watu wakacheka. Shangazi wa jana akaficha mudomo kwenye kitenge, mabega yakimutikisika. Papa hakucheka.

"Utatoka kwenye nyumba yangu leo!"

"Twende kwanza kwa shefu wa kartie."

Tukaenda, soko lote nyuma yetu. Shefu, mukubwa wa mutaa wetu, akatusikiliza, akafuta macho, sijui ya kicheko ama ya vumbi, akaniambia niandike mashitaka yangu. Nikaandika hivi:

"Namushitaki mwenye nyumba wangu kwa kugeuza mahali pangu pa kazi kuwa pa matanga bila kuniuliza. Ni kweli nimemulilia akiwa muzima. Kama hilo linamuuma, alete mashitaka yake. Mimi naomba barza iachwe wazi na nisifukuzwe, maana watoto wa watu wanangoja uniformi na wangu wanangoja kula. Wafiwa, kama anawapenda hivyo, awakalishe ndani kwake, kwenye saloni yake, na chakula apike yeye."