Nilisema ni juisi, mwanangu akaniamini

Admin, nifichie jina langu na la mwanangu pia. Mimi ni mama wa miaka arobaini na mbili, mkulima, natokea Ntobeye huku Ngara. Mume wangu ni marehemu, nimebaki na binti mmoja wa miaka kumi na tano, hapa nitamwita Neema. Najua wengi mtanitukana. Nitukaneni tu, ila mkimaliza mnijibu.

Miaka miwili iliyopita Neema alipata ufadhili kwenye shule ya kimataifa inayofundisha kwa mtaala wa Uingereza, mkoa wa jirani. Jamani, shule ile! Akinipigia Jumapili ilikuwa kama ananisimulia sinema. Jumatatu kuogelea, Jumatano maigizo, Alhamisi mdahalo, Jumamosi wanakwenda kuwasomea hadithi watoto waliolazwa hospitali. Nikamuuliza, "Sasa mnasoma saa ngapi?" Akacheka, "Mama, na huko nako ni kusoma." Ufadhili wenyewe ulimtaka awe mstari wa mbele kwenye mambo hayo, na asipatikane na kosa la nidhamu hata moja.

Mwaka huu wakamchagua kusimamia meza ya Tanzania kwenye Siku ya Familia. Kila nchi ina meza yake, wazazi wanaleta vya kwao. "Mama, njoo na kitu cha kwetu," akaniambia. Kwetu kitu ni ndizi. Na kwa mtu anayekulelea mtoto huendi mikono mitupu. Nikakamua juisi ya ndizi, tamu, safi, bila kutia mtama wa kuichachusha. Kosa langu lilikuwa dumu. Kwa haraka ya safari nilichukua dumu la njano ninalowekea urwagwa, pombe yetu ya ndizi, nikalisuuza mara moja basi. Mama yeyote wa Ngara anajua dumu lililozoea pombe halisahau kazi yake. Nikalala kwa dada yangu Lusahunga, asubuhi basi likachelewa mno, dumu likashinda juani. Kesho yake ndipo nikafika.

Mwalimu mkuu, mama wa kizungu aliyenizidi umri, alinipokea kwa mikono miwili akasema, "Shikamoo!" Watu wakacheka, mimi nikaona haya, nikaitikia marahaba hivyohivyo. Neema alikuwa amevaa kitenge nilichomtumia, anapita kifua mbele, anawaambia wenzake, "Huyu ndiye mama yangu." Meza za wengine zilikuwa na keki za ghorofa. Nikafungua dumu langu. Likatoa pumzi, pshii, povu likapanda.

Kwetu mwenye kinywaji huonja kwanza, mgeni aone hakina ubaya. Nikaonja. Ilikuwa imeshageuka. Si pombe kali, lakini pombe. Mimi nimepika pombe tangu niko msichana, sikuwa na shaka hata kidogo.

Mwalimu mkuu akauliza jambo kwa Kiingereza. Neema akanigeukia, akaniuliza kwa Kihangaza, "Mama, kuna kilevi?" Watoto walishapanga foleni na vikombe. Nikaziangalia zile keki, nikajiona narudi na dumu langu begani mbele ya watu wote wale. Nikamwambia, "Ni juisi tu, mwanangu." Akamgeukia mwalimu akatafsiri, anatabasamu. Akachukua karatasi ya meza akaweka saini kwamba kila kilichopo ni salama kwa watoto.

Walikipenda kinywaji kile, Mungu wangu. Watoto wa madarasa ya chini walirudia mara tatu. Kabla ya maigizo kuanza, mmoja akatapika, mwingine anayumba huku analia. Nesi wa shule akanusa dumu.

Tuliitwa ofisini. Walimwambia Neema amedanganya, kwamba mtoto wa kwetu hawezi kukosa kujua pombe ya kwetu. Akalia, akawaambia, "Mama yangu hajawahi kunidanganya." Alinitafsiria mwenyewe maneno hayo, kisha akasema, "Mama, waambie." Nami nikawatazama machoni nikarudia, ni juisi, labda ni jua tu. Ningesema ukweli pale, lawama ingeniangukia mimi peke yangu. Badala yake niliogopa polisi, niliogopa aibu, nikamwachia mtoto mzigo wangu.

Ufadhili wamefuta. Barua ya shule ilinipa wiki mbili mzazi nitoe maelezo. Nilizihesabu siku hizo moja moja nikipalilia maharage, sikuandika neno. Wiki iliyopita mwalimu wake wa maigizo alipiga simu akatuambia kwa upole kwamba nafasi ya Neema ameshapewa mtoto mwingine.

Neema hanilaumu. Angenilaumu ningepumua! Anaamka kabla yangu anachota maji. Majirani wakimcheka kwamba mzungu amemrudisha kwa ulevi, ananitetea mimi: "Mwacheni mama yangu, alionewa." Hata kwa padri nimeshindwa kufungua mdomo.

Jana Neema ameandika barua ya kuomba wamfikirie upya, kurasa mbili za Kiingereza. Akanisomea kwa Kiswahili. Ameandika anaapa kwa Mungu kwamba mama yake alisema kweli. Ameacha nafasi chini, anataka niweke saini, apeleke posta Jumatatu.

Nikisaini, namwapisha mwanangu uongo mara ya pili, na shule hairudi. Nikisema kweli, shule vilevile hairudi, na kitu pekee alichobakiza, ambacho ni kuniamini mimi, nitakuwa nimekichukua na hicho. Asubuhi ameniuliza, "Mama, mbona husaini?" Nikamwambia natafuta kalamu. Akaniletea yake.

Wazazi wenzangu, na nyie mabinti mnaosoma hapa, semeni nami: nimwambie, au nisaini?