Mwanamke Aliyetolewa Nje Ili Green Bay Ishinde

Verna Jauquet hakuwahi kuwa mtu wa kutulia. Hata padri alimzoea: mahubiri yakirefuka, Verna yuko mlangoni, anatazama magari. Mtu wa namna hiyo ndiye aliyezaliwa Green Bay, mji wa Marekani ambao mtoto hujua majina ya wachezaji kabla ya sala, na tiketi za uwanjani hurithishwa kama shamba.

Siku ya mwisho ya mwaka sitini na saba alikuwa uwanjani na mumewe, Norbert, juu ya benchi lililoganda. Baridi ile wazee wanaisimulia hadi leo. Filimbi za waamuzi ziling'ang'ania midomo. Packers, timu ya mji ya mpira wa Kimarekani, walitafuta ubingwa wa tatu mfululizo, na Dallas walikuwa mbele kwa pointi tatu. Mwishoni miguu ya Verna ikawa si yake tena, akashuka chooni kuipigapiga chini ipate joto. Akiwa humo, saruji ikatetemeka juu ya kichwa chake. Wameshinda, na yeye ameona ukuta.

"Umetoka tu, wamefunga," Norbert alimwambia wakirudi, masharubu meupe kwa barafu. "Sasa dawa tumeijua."

Verna alidhani ni mzaha. Kumbe imekuwa sheria! Mechi ikibana, nyumba nzima inamgeukia: "Mama, nje!" Januari ya tisini na saba, ubingwa uliporudi baada ya miaka ishirini na tisa, aliujua kwa honi za majirani, amesimama katika banda la gari kando ya pipa la chumvi ya kuyeyushia barafu. Mwaka uliofuata aligoma. "Mimi nami ni mtu wa mji huu," akasema, akakaa kochini mbele ya runinga hadi mwisho wa fainali. Denver wakashinda. Hakuna aliyemlaumu, walimpakulia chakula kwa upole mno, na upole ule ulimuuma kuliko tusi.

Norbert alikufa na imani yake. "Wakifika fainali tena, mke wangu, usiwaponze. Toka."

Wakafika, Februari ya elfu mbili na kumi na moja. Verna alikuwa na miaka sitini na minane. Alipika buya tangu alfajiri, kuku na nyama katika sufuria moja kubwa, akikoroga hata pasipohitaji kukorogwa. Zikabaki dakika mbili. Packers mbele kwa pointi sita, lakini mpira uko kwa Pittsburgh. Wakifika nao mstari wa mwisho ni pointi saba, basi tena.

Mwanawe Dale hakugeuka hata shingo. "Mama, unajua kazi yako."

"Naijua kuliko wewe."

Akavaa buti, akachukua koleo, akachota theluji pale alipokwisha kuchota asubuhi. Akaenda hadi kisanduku cha barua, akarudi. Akaenda tena. Kila kelele ya ndani ilimsimamisha njiani. Nikiingia wakashindwa, aliwaza, nitaishije na watu hawa? Na nisipoingia, nitangoja miaka ishirini mingine, niuone ubingwa kwa macho ya nani?

Akaliegemeza koleo ukutani. Akaingia kwa mlango wa jikoni, akasimama nyuma ya makoti yaliyotundikwa, sebule yote ikiwa imempa kisogo.

Jaribio la kwanza. La pili. La tatu. Alitaka kukimbia, akaushika mkono wa koti la Norbert, ambalo hakuna aliyethubutu kuliondoa. Jaribio la nne, la mwisho: mpira ukaruka, mikono ikaufuata, ukaanguka chini.

Nyumba ikalipuka. Dale alikuja mbio jikoni akilia. "Mama! Umetuokoa! Ungeingia tu, tungekwisha!"

Mjukuu wake Brynn alikuwa anatazama sakafu. "Bibi, mbona theluji ya buti zako imeshayeyuka?"

Dimbwi lilikuwa limefika hadi chini ya meza.

"Nilikuwa hapa," Verna akasema. "Nimeona mpira ukianguka. Nimeona vizuri kuliko ninyi, maana ninyi mlikuwa mmefumba macho."

Dale akajifuta pua. "Kwa hiyo ile ya Denver..."

"Ile ya Denver walishindwa na Denver."

Brynn akacheka kwanza, kisha wote. Wakamvuta, wakamketisha kwenye kiti cha Norbert, wakampa brandi. Verna akakaa. Akatazama kombe likiinuliwa, karatasi za rangi zikinyesha. Kisha miguu ikaanza kuwasha.

"Unakwenda wapi tena, Mama?"

"Nje. Niende kupiga honi."

Safari hii hakutumwa na mtu.