Kipigo cha Arobaini na Mbili

Mume wangu Bagalwa alikuwa deklaran wa duane, yaani forodha, kule mpakani Bunagana, akijaza karatasi za mizigo ya watu, mutu wa mihuri na kalamu tatu mfukoni. Vita ilipofunga mpaka, akarudi kwetu, mtaa wa Mapendo, akakaa mwaka mzima bila kazi, yeye na kompyuta yake ya sataranji. Nilichoka kumpikia mutu anayegombana na mashini!

Halafu shule moja ya Keshero ikatafuta mwalimu wa sataranji. Mashini haina, ikaomba ya Bagalwa: atakayeishinda mbele ya prefe, mkuu wa shule, kazi ni yake.

“Mama Dorine,” Bagalwa akaniambia, “mwanzo wa mchezo mashini haifikiri. Inasoma kitabu kilicho ndani yake. Kila hatua ina uzito. Ikishinda nayo, uzito unapanda, ikipigwa hata mara moja, unaanguka wote. Inachagua yenye uzito kupita zote.”

“Na wewe?”

“Nitaifundisha ujinga.”

Jamani! Akaingiza ndani ya kitabu hatua mbili za aibu: askari wawili wanatoka, mfalme anabaki uchi, malkia wa adui anaingia, kwisha. Lakini ili mashini ipende hatua hizo, lazima ishinde nazo. Basi akaanza kupigwa kwa makusudi, mara arobaini na moja.

Munyakazi, mufugaji aliyekimbia vita ya Masisi, tuliyempa chumba cha nyuma, alikaa juu ya bidoni ya maji akiangalia. Kila kipigo anatikisa kichwa: “Pole, papa.” Ng'ombe wake wote walibaki milimani, na bado anamuonea mume wangu huruma!

Siku ikafika. Waombaji wawili tu: Bagalwa na koti lake la duane, Munyakazi na sweta yenye matundu. Bagalwa akataka kuonyesha adabu mbele ya prefe.

“Mgeni kwanza,” akasema.

Munyakazi akasukuma askari. Mashini ikajibu hapo hapo, ujinga wa kwanza. Akasukuma mwingine. Ujinga wa pili. Akaingiza malkia. Kwisha!

Bagalwa akakaa mbele ya mashini. Lakini mashini ilikwisha kuandika kipigo chake. Uzito wa ule ujinga ulianguka, ikachagua hatua nyingine. Ikampiga. Kipigo cha arobaini na mbili, na hiki hakikuwa cha makusudi.

Prefe akamuuliza Munyakazi alijifunza wapi.

“Kwa papa Bagalwa. Kila siku alikosa kuona mlango wa malkia. Mimi niliuona siku ya tatu. Niliona haya kumwambia, yeye ni muzee wa nyumba.”

Nilicheka hadi nikashika ukuta. Halafu nikaona mkono wa mume wangu ukihesabu kalamu mfukoni bila sababu, nikaumia sana, siwezi kuficha.

Jumatatu asubuhi Munyakazi akabisha mlango wetu, macho chini. Hana nguo ya kwenda kufundishia. Kweli nilitaka kumfukuza! Bagalwa akasimama, akaleta koti lake la duane, akatoa kalamu mbili, ya tatu akaiacha mfukoni.

“Hiyo ni ya kusahihishia mazoezi ya watoto ndani ya kaye zao, mwalimu,” akasema, akamfunga vifungo mwenyewe.