Mimea Isiyodai Maji

Ngo, ngo, ngo: Feza aliukumbuka sana mlio huo, wa kidole cha mtunza mimea kikigonga makopo ya maziwa ya unga aliyoyageuza vyungu. Kopo likilia tupu, udongo umekauka. Mzee huyo aligonga kila asubuhi, meza hadi meza, katika ofisi za kampuni ya shaba pale Lubumbashi, akifuta vumbi la majani kwa pindo la shati, taratibu, kama anayemnawisha mtoto uso. Aliporudi kazini baada ya kilio cha kumzika mkewe, kichwa kimenyolewa, aliondoa fujere zote, yale majani laini yasiyostahimili kiu hata siku moja. Mahali pake, hata kwa mkurugenzi, chini ya picha ya Rais, akaweka mimea yenye majani magumu kama panga, inayokaa mwezi mzima bila tone.

Makarani walimcheka. "Papa, hii si ni ya ku makaburi? Unatuzika bazima?" Alitabasamu kwa mdomo tu. Kisha mkurugenzi, shefu wa wote, akamtuma Feza, mpiga taipu wake: fujere zirudi leo, ama mzee aende zake.

"Papa, rudisha tu," Feza alimsihi. "Utapoteza kazi juu ya majani?"

Mikono mipana ya mzee, yenye udongo kwenye kucha, ilisogeza kopo kivulini, ikalirudisha.

"Ile siku balikuja kuniita, bibi yangu iko mugonjwa mubaya," alisema. "Nikabaambia, mungoje kwanza, ninyweshe fujere ya shefu."