Kukaa Si Kusali

Nakumbuka Jumapili moja, mwanangu, msimu wa karafuu umekwisha na wachumaji wa Bara wameshapanda meli kurudi kwao. Nilipiga kengele ya kanisa letu hapa Pemba, pembeni mwa Tibirinzi, nikasimama mimbarini, na aliyekuja alikuwa mtu mmoja, Mzee Simioni wa Vitongoji. Naye, kama ada yake, akaenda kukaa benchi la nyuma kabisa. Nilimwomba mara nyingi asogee mbele. Alijibu kwamba pale ndipo alipokuwa akikaa na marehemu mkewe, na kama nataka anisikie, nipaze sauti. Basi nikawa nahubiri kwa kelele kama mnadi samaki, na kila nilipomaliza kuomba, kutoka kule nyuma nilisikia "Amina" yake moja, nzito.

Nilikuwa kijana, sijaoa, sina ndugu kisiwani. Upweke wa mchungaji wa hapa hautokani na ubaya wa watu, maana Wapemba ni wema mno. Ni kwamba siku zako si siku zao. Krismasi unaamka, unavaa shati jipya, unatoka nje, unakuta mtaa umo katika shughuli zake kama Jumanne yoyote. Krismasi yangu ya kwanza nilirudi ndani nikalia, sikufichi. Mara nikasikia hodi. Alikuwa Bi Mwanakhamis, jirani yangu, mkononi ana sahani ya pilau iliyofunikwa kawa.

"Padri, leo si sikukuu yenu? Mbona umejifungia kama mwenye eda?"

Nilikwisha kumweleza kwamba mimi ni mchungaji, si padri. Hakujali, na mwisho nikazoea.

Sasa ikaja habari kwamba wakubwa wa kanisa wanakuja kutoka Bara kututazama. Wakikuta hakuna waumini, kanisa litafungwa nami nitahamishwa. Mji wetu mdogo, jambo halikai kwapani. Jioni moja Bi Mwanakhamis akaja tena.

"Masalkheri, padri. Nasikia wakubwa wako waja kuifunga nyumba yenu."

Nikamwambia ni kweli, wanataka watu.

"Kwani siye si watu? Nitakuja mie na wanangu na wakwe zangu, na Mzee Hamadi, jirani yetu, keshasema ataleta wa kwake. Tutakaa kimya. Kukaa si kusali. Wageni wakishaondoka, nasi twenda zetu."

Hebu lione pendo hilo. Watu wa dini nyingine wako tayari kuingia kanisani, wasemwe mtaani, ili jirani yao asichukuliwe. Sikusema ndiyo wala sikusema hapana. Nilisema, "Mungu akulipe," naye akaenda zake ameridhika. Nami niliridhika. Nilianza hata kupanga nani akae wapi.

Nikamweleza Mzee Simioni, nikidhani atafurahi. Alikuwa anang'oa majani mbele ya kanisa. Aliinuka taratibu, akajifuta mikono kwenye suruali.

"Mchungaji," akasema, "siku tulipomzika mke wangu, Wakristo hatukutosha hata kulibeba jeneza. Bi Mwanakhamis aliwaita wanawe wakalibeba. Walikuja kuzika, na walizika kweli. Hiyo Jumapili watakuja kusali, na hawatasali. Watu hawa hawajatudanganya hata siku moja. Wewe ndiye ukawafundishe, tena ndani ya nyumba ya Mungu?"

Akainama, akaendelea na majani yake. Wahenga wanasema nguo ya kuazima haisitiri maungo. Wao hutaja kiungo chenyewe, ila mimi ni mchungaji, nitakuachia umalizie mwenyewe.

Nilikwenda kwa Bi Mwanakhamis nikiwa na hofu, maana kukataa wema ni kazi kuliko kuuomba. Nilimkuta anachuja tui. Nilimweleza yote. Alikamua chicha mpaka ikakauka.

"Na wakikuondoa?"

"Wataniondoa, bibi."

"Haya. Lakini usije ukasema siye hatukutaka."

Wakubwa wakaja. Nikahubiri, Mzee Simioni akaitikia Amina yake. Baada ya ibada mkuu wao akaniuliza kwa upole, "Wengine wako wapi?"

"Hakuna wengine, baba. Ni sisi wawili."

Walizungumza pembeni, kisha wakaamua. Maadamu mzee yule yu hai, kanisa lisifungwe. Akifariki, nihamishwe. Tangu siku hiyo, mwanangu, kila Mzee Simioni alipokohoa nilishtuka, na nilikuwa sijui namhurumia yeye au najihurumia mimi.

Alifariki masika yaliyofuata. Meli hazikutoka kwa sababu ya bahari, hakuna Mkristo mwenzangu aliyewahi kufika. Wana wa Bi Mwanakhamis walilibeba jeneza, na Mzee Hamadi akaja na watu wake wakiwa na majembe. Niliimba wimbo wa maziko peke yangu. Nikaomba Mungu ampokee mtumishi wake, ampe pumziko. Nilipomaliza nikawa nasubiri, kwa mazoea tu, ile sauti ya benchi la nyuma. Nikakumbuka kwamba mwenye sauti ndiye tunayemzika.

Hapo Mzee Hamadi, amesimama mchangani na jembe lake, akasema, "Amina." Na wote waliokuwa nyuma yake wakaitikia, "Amina." Hakuna aliyewaomba.

Kanisa lilifungwa nami nikahamishwa, kama ilivyosemwa. Nimehubiri Bara katika makanisa ambamo watu husimama madirishani, na nyingi ya Amina zao nimezisahau. Nilipostaafu niliomba nirudi kuishi hapa, jirani na wajukuu wa Bi Mwanakhamis.

Wewe sasa ndiye unayekuja kulifungua tena kanisa hili, na juzi nilikuona ukipiga picha kwa simu, umejibana pembeni ili mabenchi matupu yasionekane. Sikucheka, kwa sababu najua ulichokuwa unakikimbia. Mwanangu, kama ni mmoja, sema ni mmoja. Usimtume mtu mwema akaseme uongo kwa ajili yako, hata akijitolea mwenyewe. Upweke utakuuma, hilo sikudanganyi. Lakini ukiuficha, hakuna atakayejua pa kubisha hodi.

Mungu akupe wa benchi la nyuma, hata akiwa mmoja na masikio mazito. Akupe jirani mwenye sahani. Na siku utakapoomba peke yako, akuinulie watu wa kukuitikia, na waitikie kweli.