Kiarabu Kilipomtoka Bi Mahbuba

Miaka ishirini na sita Bi Mahbuba alipokea simu katika ofisi moja ya mtaa wa Al Khuwair, mjini Maskati, kwa Kiarabu kilichonyooka. Waliopiga hawakujua kuwa alizaliwa Unguja, na kwamba lugha hiyo alianza kujifunza akiwa na miaka tisa, wazee wake walipohamia Omani. Asubuhi moja, akikanda unga, kiharusi kikampiga. Mkono wa kulia ukalala, mguu ukawa wa kuburuta, na Kiarabu chote kikamtoka. Kikabaki Kiswahili cha utotoni.

Ili apate posho ya ulemavu, ilibidi apimwe na kamati ya madaktari. Binti yake Shatha akaomba ruhusa kazini, akampeleka. Mlangoni karani akamzuia binti.

"Mgonjwa anaingia peke yake. Jamaa huwajibia wagonjwa."

"Mama yangu Kiarabu hakijui tena. Nitafasiri tu."

Karani akatazama kitambulisho. "Huyu Muomani. Mkalimani wa nini?"

Ndani walikaa madaktari watatu. Wa katikati akauliza, akarudia kwa sauti ya juu. Bi Mahbuba alijua anaulizwa, lakini maneno yalimpita kama kelele za barabarani.

"Nnakusikia, baba, ila sifahamu," akasema kwa Kiswahili.

Wakatazamana. Daktari akanyanyua mikono yake kumwonesha. Naye, kwa kutaka kuwaridhisha, akanyanyua ule mzima wa kushoto hadi juu ya kichwa. Wakaandika. Hakumaliza dakika kumi mle ndani.

Barua ikaja: mwombaji hakushirikiana na kamati, na mkono ananyanyua. Shatha akamsomea mamake kwa Kiswahili, kisha akajuta.

Wakakata rufaa, wakangoja miezi minne. Safari hii walimkuta muuguzi aitwaye Bakhita, ambaye wazee wake pia walitoka Unguja.

"Shikamoo, bi mkubwa. Umeamkaje?"

Machozi yakamtoka Bi Mahbuba. Bakhita akajitolea kumfasiria, lakini mwenyekiti wa kamati, Daktari Ghassan, akatikisa kichwa.

"Wewe mwajiriwa wetu, hairuhusiwi. Lazima awe mkalimani aliyeidhinishwa." Akafungua orodha ya wakalimani: Kiurdu, Kibengali, Kiingereza. Kiswahili hakikuwamo. "Imetungwa kwa ajili ya wageni," akasema, sauti imempungua. "Raia hatukuwafikiria."

Akauliza maswali yote kwa Kiarabu, kama kanuni zilivyotaka. Kila swali lilipoisha alingoja kidogo, kisha akaandika. Uamuzi ukawa uleule, na baada yake hapakuwa na rufaa nyengine.

Garini Shatha akasema, "Tutaandika barua wizarani, mama."

"Niambie kweli. Wale wananiona punguani?"

Shatha akawasha gari.

"Basi usinipeleke tena."

Hakupelekwa tena. Wael, mume wa Shatha, Kiswahili hakijui. Zamani yeye na mkwewe walikaa sebuleni wakitaniana kwa Kiarabu mpaka chai ikapoa. Sasa Wael huingia na kusema "Hujambo, mama," neno pekee aliloweza kujifunza, kisha husimama hapo akitafuta la pili. Bi Mahbuba humwitikia, akajifunika kanga yake, akamwomba Shatha amrudishe chumbani.