Nilikataa Kumlaza Mfalme

Wakati wa Hali ya Hatari nilikuwa karani kwenye shamba la kahawa Ruiru. Mimi ni mtu wa magharibi mwa nchi, kwa hiyo pasi yangu haikumsumbua mtu. Rafiki yangu, fundi wa kiwanda kimoja Thika, alikuwa Mkikuyu, na serikali ya kikoloni iliwashuku wote kuwa waasi. Jumapili aliruhusiwa kuja kunitembelea, lakini usiku walikatazwa kutembea; jua likimzamia njiani, hakuna askari ambaye angemsikiliza.

Tulicheza sataranji mbele ya chumba changu. Nilijua kinga moja tu, ile ya Kifaransa. Unajenga ukuta wa askari wadogo wa mbao, mfalme anatulia, ila askofu wako mmoja anabaki nyuma ya ukuta huohuo, hana pa kupita.

"Askofu wako leo hahubiri?" alinichokoza.

"Anavaa kanzu."

"Atamaliza kuvaa waumini wameshaenda, murata." Ndivyo alivyoniita, rafiki kwa lugha yao.

Kweli walienda. Alinila ngome, akanila malkia. Vivuli vya miti ya kahawa vilifika mlangoni, na basi la mwisho la Thika lilikuwa karibu kupita.

"Kubali tu umeshindwa. Mlaze mfalme, nikimbie."

Mimi nilikulia kwenye drafti, mchezo unaoisha kwa kete ya mwisho. "Bado ninaye mfalme. Nifunge kwanza."

Akasimama, akashika kofia.

"Ukiondoka, umeshindwa wewe," nikamwambia huku nikicheka.

Akaketi tena. Mfalme wangu alitangatanga pembeni mwa ubao, naye akimfukuza huku jicho liko barabarani. Tukasikia basi likinguruma kupanda kutoka mtoni, likapita, likaenda zake.

"Sasa umekufa," akasema, akaanza safari kwa miguu.

Asubuhi nilisikia kuna watu waliokamatwa kwenye kizuizi cha barabarani karibu na Juja, kwenye mashamba ya mkonge. Nikaenda. Nilimkuta juu ya lori pamoja na wengine, mikono kichwani. Nikamweleza askari kwamba mtu huyu alikuwa kwangu, tukicheza, na kwamba mimi ndiye niliyemchelewesha.

"Mkicheza nini?"

Nikaeleza. Alicheka, akawaita wenzake, akaniambia nianze upya. Nikaanza upya: mfalme, malkia, askofu. Rafiki yangu alinitazama kutoka juu ya lori. Nilikuwa nimefika kwenye kueleza farasi, nikionyesha kwa kidole anavyoruka, lori likawashwa, likaondoka naye.

Hakurudi kiwandani. Kila niliyemuuliza habari zake alinishauri niache kuuliza, nami, baada ya muda, nikaacha.